Maswali ya Wasomaji: Kompyuta Inasema Saruji Ipo, Stoo Haina

SWALI: Ninamiliki maduka mawili ya vifaa vya ujenzi mjini Morogoro, moja Msamvu na jingine Kihonda. Mwaka jana nilinunua programu ya mauzo na stoo nikitarajia kwamba sitalazimika tena kulinda mali kwa macho. Hali imekuwa kinyume. Kompyuta inaonyesha mifuko ya saruji ambayo haipo, na mara nyingine inakataa kuuza nondo ambazo naziona zimelala mbele yangu. Wauzaji wanasema programu ni mbovu. Aliyeniuzia anasema wauzaji hawajui kuitumia. Je, ninunue programu nyingine au niwabadilishe wafanyakazi?
M.K., Morogoro

JIBU: Ndugu M.K., kwa sasa usifanye lolote kati ya hayo mawili. Programu ya stoo haioni mali. Inajumlisha yaliyoingizwa na kutoa yaliyouzwa. Tofauti unayoieleza, tena ya pande zote mbili, yaani mali inayozidi na mali inayopungua, kwa kawaida hutokana na mambo yanayotendeka dukani bila kupita kwenye kompyuta, au yanayopita kwa kipimo kisicho sahihi. Mwizi hapunguzi saruji na wakati huohuo kukuongezea nondo.

Anza na vipimo, kwa sababu katika duka la vifaa vya ujenzi ndiko hesabu nyingi hupotelea. Chukua hizo nondo. Wewe unazinunua kwa tani, mteja anazinunua kwa kipande. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 ina uzito wa takriban kilo 10.66 kwa hesabu ya kitaalamu, hivyo tani moja inatoa vipande 93 au 94. Lakini nondo zinazotoka kiwandani hazilingani sana na hesabu hiyo. Zikiwa nyembamba kidogo, tani hiyohiyo itashusha vipande vingi zaidi. Ikiwa karani wako anaingiza tani moja na kuiachia programu igeuze kuwa vipande 93, ilhali gari limeshusha 97, basi kuna nondo nne ambazo kompyuta haizitambui, na ndizo hizo unazoziona zimelala huku mashine ikikataa kuziuza. Dawa yake ni kuhesabu vipande wakati wa kushusha mzigo, kuviingiza kama vipande, na kuiacha tani ibaki kwenye ankara ya msambazaji kwa ajili ya bei tu. (Ukipata vipande vingi mno kwa tani moja, usifurahie kabla ya kupima unene wake.)

Misumari ina tatizo lake. Inaingia kwa katoni na kutoka kwa kilo, nusu kilo, hata robo, na kila muuzaji huongeza msumari mmoja au miwili ili mizani isimwaibishe mbele ya mteja. Hapo hakuna programu itakayokupa hesabu isiyo na upungufu. Weka kiwango cha tofauti unachokubali kwa bidhaa zinazopimwa, kwa mfano kilo 1 kwa kila kilo 50, na utafute maelezo pale tu kiwango hicho kinapovukwa. Kwa bidhaa zinazohesabika kama mabati, makufuli na mifuko ya saruji, kiwango kiwe sifuri.

Kuhusu saruji, uliza mfuko ukipasuka huwa nini. Katika maduka mengi mfuko wa kilo 50 uliopasuka huuzwa kwa ndoo kwa mafundi wa jirani, fedha zikaingia kwenye droo, lakini kwenye kompyuta mfuko ule bado ni mzima na unasubiri mteja. Fungua bidhaa nyingine ndani ya programu, uiite saruji ya rejareja, na mfuko ukipasuka uhamishwe huko siku hiyohiyo kwa idhini ya msimamizi.

Maduka yako mawili yanaongeza jambo jingine. Mteja wa Kihonda anataka mabati kumi na mawili, duka lina manane, simu inapigwa Msamvu na mabati manne yanapakiwa kwenye guta. Nani aliandika? Programu nyingi za stoo zina sehemu ya uhamisho wa mali kati ya matawi, ambapo anayetuma anathibitisha na anayepokea anathibitisha, na katikati mali huhesabiwa kuwa iko njiani. Ikiwa yako haina sehemu hiyo, hapo ndipo nitakubaliana nawe kwamba inafaa kubadilishwa.

Sasa tuje kwa watu. Ninashuku, ingawa hukusema, kwamba wauzaji wote wanatumia nenosiri moja. Kama ndivyo, taarifa za programu haziwezi kukueleza ni nani aliyefuta risiti au kupunguza stoo, na lawama zitaendelea kuzunguka kama ulivyoeleza. Kila mtu awe na jina lake la kuingilia. Muuzaji auze tu. Mtunza stoo apokee na kutoa. Mamlaka ya kurekebisha idadi ya mali yabaki kwako au kwa mtu mmoja unayemwamini ambaye hauzi. Kisha uwe na mazoea ya kusoma taarifa mbili kila Jumamosi: ile ya risiti zilizofutwa na ile ya marekebisho ya stoo. Wenye maduka hupenda kusoma taarifa ya faida, lakini hizi mbili ndizo zinazokuambia kama faida hiyo ni ya kweli.

Jioni, linganisha jumla ya mauzo kwenye programu na ripoti ya Z, yaani muhtasari wa mauzo ya siku, ya mashine ya EFD inayotoa risiti za kodi. Kama mauzo yanaandikwa mara mbili, mara moja kwenye kompyuta na mara moja kwenye EFD, siku zenye wateja wengi moja kati ya hizo itarukwa, na ni afadhali uligundue hilo jioni ileile kuliko kulisikia kutoka kwa mkaguzi wa TRA.

Usisubiri mwisho wa mwaka ndipo ufunge duka kuhesabu mali. Chagua bidhaa ishirini zinazobeba sehemu kubwa ya mtaji wako na uhesabu chache kila asubuhi kabla ya kufungua, ili ndani ya wiki zote ziwe zimepitiwa. Anayehesabu asiambiwe kompyuta inasema ngapi, maana akijua namba hiyo ataitafuta mpaka aipate. Tofauti ikijitokeza, ni rahisi kukumbuka yaliyotokea juzi kuliko yaliyotokea mwezi Machi.

Hesabu zikishatulia ndipo programu itakapoanza kukusaidia kununua. Ukiuza wastani wa mifuko 40 ya saruji kwa siku, msambazaji akachukua siku 3 kuleta mzigo, nawe unataka akiba ya mifuko 60 kwa ajili ya ucheleweshaji, basi agiza inapobaki mifuko 180. Weka namba hiyo ndani ya programu ikupe taarifa yenyewe, na uibadilishe mvua zinapoanza na ujenzi kupungua.

SWALI: Nina duka la vipuri vya pikipiki hapa Mombasa. Wateja wengi hulipa kwa M-Pesa kupitia nambari yangu ya simu, na jioni siwezi kujua zipi ni pesa za duka na zipi ni za familia. Juzi pia mteja alimwonyesha kijana wangu ujumbe wa malipo, akachukua tairi, na pesa hazikuingia.
A.S., Mombasa

JIBU: Tairi limekwenda, lakini tatizo lina ufumbuzi wa moja kwa moja. Lipa na M-Pesa imekuwapo nchini Kenya tangu 2013, na duka linaweza kuwa na nambari yake ya Till, yaani nambari ya kupokea malipo ya biashara, iliyo mbali na simu ya mwenye duka. Ichukue, na nambari yako ya simu isitajwe tena kwa mteja.

Pili, ujumbe ulio kwenye simu ya mteja si uthibitisho, kwa kuwa mtu yeyote anaweza kuuandika au kuubadilisha. Bidhaa itoke pale tu taarifa inapoonekana upande wa duka. Kila muamala wa M-Pesa una namba yake ya kipekee yenye herufi na tarakimu kumi. Kijana wako aiandike kwenye risiti ya mauzo. Jioni utapakua taarifa ya Till na kuiweka kwenye jedwali la Excel kando ya mauzo ya siku, kisha utafute namba zisizo na mwenzake: iliyo kwenye mauzo lakini haipo kwenye Till ni malipo ambayo hayakufika, na iliyo kwenye Till lakini haipo kwenye mauzo ni bidhaa iliyotoka bila kuandikwa. Ni kazi ya dakika chache tu ukiifanya kila siku, lakini ni mateso ukiilimbikiza mwezi mzima. Mpangilio huo utakurahisishia pia ankara za kielektroniki za eTIMS ambazo KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, inazitaka.

SWALI: Je, kumbukumbu za biashara zikae kwenye kompyuta ya dukani au kwenye programu ya mtandaoni?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Chagua programu ya mtandaoni inayoweza kuendelea kuuza hata intaneti ikikatika, kisha ikatuma kumbukumbu mawasiliano yanaporudi. Mwezi Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilizo chini ya bahari zilipopata hitilafu, intaneti ilidorora sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, Tanzania ikiwemo, na programu isiyojua kufanya kazi bila mtandao haikuwa na msaada kwa keshia mwenye foleni mbele yake.

Kompyuta ya dukani peke yake siipendekezi, kwa sababu ya moto, wizi na umeme unaokatika ghafla. Ukilazimika kuitumia, inunulie UPS, kifaa chenye betri kinachoipa umeme kwa muda unapokatika, na nakala ya kumbukumbu itoke dukani kila siku, isibaki kwenye flashi iliyochomekwa kwenye kompyuta hiyohiyo. Kumbuka pia kwamba daftari la wadeni lenye majina na namba za simu za wateja ni taarifa binafsi zinazolindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, hivyo lisisambazwe kwenye makundi ya WhatsApp ya wafanyakazi.

Kabla ya kulipia programu yoyote, mwombe muuzaji akuonyeshe mambo mawili papo hapo: jinsi ya kutoa kumbukumbu zako zote kwenye faili la Excel, na jinsi ya kuzirejesha kutoka kwenye nakala. Akikuahidi kukuonyesha baadaye, nawe mwambie utalipa baadaye.