Maswali ya wasomaji: Breki zinazopotea kisha zikarudi

SWALI: Salaam wahariri. Nina Land Cruiser HZJ75 ya mwaka 1994, nabeba mboga kutoka vijiji vya juu vya Lushoto kushuka Mombo. Siku tatu breki zinashika vizuri, ya nne nikikanyaga pedali inazama karibu na sakafu. Nikikanyaga tena palepale, inapanda na kushika. Inatokea zaidi nikitoka kwenye rafu rodi. Oili haipungui kwenye chupa wala sioni inapovuja. Fundi ameweka pedi mpya na kutoa upepo mara mbili, lakini hali ni ileile. Je, ninunue masta silinda, ile pampu ya oili inayosukumwa na pedali?

JIBU: Ndugu msomaji, usinunue bado, na gari lisishuke mlima na mzigo mpaka ubovu upatikane. Breki iliyoshika mara ya pili haijapona. Kukanyaga kwa mara ya kwanza kumeishia kujaza nafasi ambayo haikupaswa kuwepo, na kwenye kona ya mteremko huenda usipate muda wa kukanyaga tena.

Umetupa dalili nzuri kuliko unavyodhani. Upepo ukiwa kwenye mabomba, pedali huwa laini kama sponji kila siku, haichagui barabara. Oili iliyochemka huangusha pedali baada ya mteremko mrefu, kisha gari likipoa mambo yanatengemaa. Yako inazama baada ya mtikisiko na kurudi kwa kanyago la pili, kwa hiyo tungeanzia kwenye beringi za magurudumu ya mbele.

Beringi ikilegea, habu (kitovu cha gurudumu) inayumba na diski inayumba nayo. Diski hiyo inazisukuma pedi, na pedi zinazirudisha pistoni ndani ya kalipa, kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski. Sehemu ya milimita inatosha: pistoni za kalipa ni pana kuliko ya masta silinda, hivyo kuzirejesha kwenye diski kunameza oili nyingi, na safari nzima ya pedali inaishia hapo. Kanyago la pili linakuta pedi zimeshafika. Pedi mpya haziwezi kuondoa tatizo hilo.

Kupima: weka mawe nyuma ya magurudumu ya nyuma, inua mbele kwa jeki na uegemeze ekseli kwenye stendi. Shika tairi juu kabisa na chini kabisa, lisukume na kulivuta. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki huku ukiendelea kutikisa. Mchezo ukikoma, ni beringi za gurudumu. Ukibaki, angalia beringi za nakolo, zile za juu na chini ambazo gurudumu hukatia kona.

Kukaza beringi kunahitaji soketi ya 54. Patasi na nyundo huharibu nati na kukaza kwa kubahatisha. Toa friwili (kifaa cha mbele ya habu kinachounganisha gurudumu na ekseli), kunjua washa ya kufungia, toa nati ya nje. Kaza nati ya ndani huku ukizungusha habu pande zote mbili ili beringi zikae, ilegeze, kisha ikaze tena mpaka mchezo uishe na habu bado izunguke bila kukwama. Rudisha washa, nati ya nje, kunja ulimi wa washa, halafu pima tena, maana nati ya nje ikikazwa hubadilisha ulichopanga. Ukikuta beringi ina vidonda au imegeuka rangi ya buluu, badilisha pamoja na kikombe chake, ile ringi ya nje inamozunguka. Beringi mpya ndani ya kikombe cha zamani haidumu.

Beringi zikiwa nzima, nenda nyuma kwenye dramu. Ajasta za gari hili, zinazopunguza pengo kati ya shuu (viatu vya breki) na dramu, hujirekebisha kwa kuvuta handbreki, kupitia mikono midogo iliyo kwenye bamba la nyuma ya kila dramu. Matope na vumbi huigandisha mikono hiyo, ajasta hazisogei tena, shuu zinalika na pengo linakua. Madereva wengi wa milimani hawavuti handbreki kabisa, wanaegesha kwa gia, na hilo linazidisha tatizo. Kipimo ni rahisi: gari likiwa limesimama, vuta handbreki meno mawili au matatu, kisha kanyaga pedali. Ikipanda juu wazi kuliko kawaida, pengo liko nyuma. Ng'oa mikono, isafishe, ipake grisi ya breki, halafu zungusha ajasta mpaka shuu ziguse dramu kidogo, urudi nyuma mpaka gurudumu lizunguke huru. Kipimo hiki ni kwa gari ambalo handbreki yake inashika magurudumu ya nyuma.

Masta silinda ipime usiitupe. Injini ikiwa inanguruma, weka mguu juu ya pedali kwa nguvu ndogo tu, dakika moja nzima, bila kuongeza. Ikishuka polepole huku hakuna kinachovuja nje, raba za ndani zimechoka na oili inapita pembeni yake kurudi kwenye chupa. Ndiyo maana oili haipungui. Nguvu ndogo ni muhimu, kwa kuwa ukikanyaga kwa nguvu mdomo wa raba unatanuka na kuziba, na masta mbovu inaonekana nzima.

Jambo moja kuhusu utoaji upepo uliofanyiwa gari lako. Kwenye masta ya zamani, kupiga pedali mpaka sakafuni kunapeleka raba kwenye sehemu ya silinda isiyotumika siku zote, yenye kutu, nazo zinachanika. Weka kipande cha mbao cha kama sentimita 5 chini ya pedali. Anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta, malizia na lililo karibu, kisha valvu ya mzigo (inayopima nguvu ya breki za nyuma kulingana na mzigo) juu ya ekseli ya nyuma kama ina nipeli ya kutolea upepo. Lita 1 ya oili mpya ya breki ya daraja la DOT 4 inatosha kusafisha mfumo wote. Kwa mteremko wenu haifai kuahirisha: kiwango cha chini cha kuchemka kwa DOT 4 ni nyuzi 230 ikiwa mpya, na 155 ikishanyonya unyevu. DOT 3 huanzia 205 na kushuka hadi 140.

SWALI: Kwenye Land Rover Defender 110 yangu ya 300Tdi pedali haizami, inakuwa ngumu kama jiwe, halafu baada ya kilomita kadhaa inalainika. Shida iko kwenye masta?

JIBU: Hapana, ndugu, busta (kifaa kinachoongezea mguu nguvu ya breki) inakosa vakyumu, yaani mvuto wa hewa. Injini ya dizeli hutegemea pampu ya vakyumu, na kwenye 300Tdi imefungwa ubavuni mwa injini. Zima injini, kanyaga mara tano au sita mpaka pedali iwe ngumu, ishikilie, kisha washa. Isiposhuka kidogo, busta haipati vakyumu. Chomoa mpira wa vakyumu kwenye busta na kuziba mdomo wake kwa kidole: pampu nzima inakivuta kwa nguvu mara moja. Ubovu wa kuja na kuondoka mara nyingi uko kwenye mpira huo uliolainika na kujikunja ukipata joto, au valvu ya kuzuia kurudi inayokwama. Uangalie injini ikiwa ya moto, kwa kuwa ikipoa hutauona. Mpira na valvu ni vya kuanza navyo kabla ya pampu.

SWALI: Niliishiwa oili ya breki njiani nikaongeza oili ya usukani kidogo. Gari linaenda. Nibadilishe?

JIBU: Lisimamishe leo. Oili ya usukani hutokana na mafuta ghafi, na raba za breki huvimba zikikutana nayo. Zikivimba, zinaziba tundu la kurudisha oili kwenye masta, breki zinajishika zenyewe na kuwaka moto, kisha raba zinalegea na breki zinakwisha. Kuosha peke yake hakutoshi: badilisha raba zote za masta, kalipa na silinda za magurudumu pamoja na mipira yote, safisha mabomba kwa spiriti, yakauke, ndipo uweke oili mpya.