Goti na njia ya ukingoni

SWALI: Nakimbia kilomita 8 kando ya Mto Karanga, kila siku kwa mzunguko uleule. Goti la kushoto linauma upande wa nje, hasa nikiteremka. Ni viatu? — Msomaji, Moshi

JIBU: Kabla ya kulaumu viatu, tazama njia. Ukingo huinamia mtoni, hivyo mguu wa upande wa maji hukanyaga chini zaidi. Usipogeuza mwelekeo, goti lilelile ndilo linaloumia. Pumzika hadi maumivu yaishe, kisha anza na kilomita 3 za tambarare. Msitu wa Rau unafaa, ila chunga mizizi. Ukirudi Karanga, nenda na urudi kwa njia ileile. Kwenye mteremko fupisha hatua. Masika udongo huteleza, hamia barabarani. Goti likivimba, nenda hospitali.