Muulize Bibi wa Jikoni: Tosti ya mayai nje imeungua, ndani imelowa

*Shikamoo Bibi. Wifi yangu anakuja kukaa nasi wiki nzima, naye kazoea tosti ya Kifaransa ya hotelini. Nikitengeneza mimi inaungua nje, katikati inabaki rojorojo, halafu ina shombo la yai. Mume wangu anaikataa kwa adabu, anasema ameshiba. Natumia slesi za dukani nilizonunua asubuhi hiyohiyo, mayai 4, maziwa kikombe kimoja, sukari vijiko vikubwa 4 na mafuta ya kutosha. Tatizo liko wapi?*
Mama wa watoto wawili, Kigamboni

Marahaba mwanangu. Kwanza wifi asikutishe. Hiyo ya hotelini ni mkate wa jana ambao mpishi hakutaka kuutupa.

Mayai 4 kwa kikombe cha mililita 250 ni kipimo kizuri, kinatosha slesi 8 za kawaida. Usikiguse. Tatizo lako kubwa ni mkate wenyewe. Mkate wa asubuhi hiyo bado ni laini na una maji yake, kwa hiyo ukiuchovya hauna nguvu ya kubeba maziwa. Unalegea, unakatikia mkononi, na ule unyevu unakaa katikati usitoke. Unataka mkate mkavu wa kutosha kunywa mchanganyiko bila kusambaratika. Sasa, kwa unyevunyevu wa Dar mkate ukiuacha tu mezani unaweza kuota ukungu kabla haujakauka. Panga slesi kwenye oveni, nyuzijoto 150, dakika 10 hivi, uzigeuze mara moja. Huna oveni? Weka kikaango kikavu juu ya moto mdogo kabisa, slesi moja moja, hadi uso uwe mkavu ukiugusa lakini usibadilike rangi. Kisha uache upoe.

Kama duka lako linauza boflo zima lisilokatwa, chukua hilo, ukate mwenyewe unene wa sentimita 2. Slesi nyembamba za kiwanda zinafaa, ila nafasi ya kuwa na ndani laini na nje kavu ni ndogo.

Shombo linatokana na ute. Watu wengi wanapiga mayai mara tatu nne kwa uma, wanamimina maziwa, basi. Ute unabaki vipande vipande, unang'ang'ania uso wa mkate, na kikaangoni unageuka kuwa yai la kukaanga lenye sukari. Piga mayai peke yake kwanza mpaka usione uzi mweupe ukiinua uma, ndipo uweke maziwa, halafu pitisha yote kwenye chujio la chai. Utashangaa kitakachobaki juu ya chujio! Tia chumvi robo kijiko cha chai, usiiruke, na iliki ya kutwanga. Vanila ukiwa nayo. Mdalasini uchanganye na sukari kavu kabla, la sivyo utaelea juu na slesi ya kwanza itaubeba wote.

Sukari vijiko vinne ni vingi mno. Weka kimoja. Sukari inaungua mapema kuliko yai linavyoiva, ndiyo maana wewe unaona weusi ukadhani tosti iko tayari, kumbe ndani bado mbichi. Utamu utauongeza mezani.

Kuchovya: slesi nyembamba sekunde 15 kila upande, ile nene dakika 2 kila upande. Inyanyue, iache ichuruzike kidogo, ndipo iende motoni. Moto uwe wa wastani kuelekea mdogo. Mafuta mengi hayatakiwi, hatupiki maandazi. Kijiko kidogo cha samli kwa kila mkupuo kinatosha. Napenda samli kuliko siagi kwa sababu chembe za maziwa zilizomo kwenye siagi zinaungua haraka na kuacha madoa meusi. Ukiwa na siagi tu, ichanganye na mafuta ya kula nusu kwa nusu. Dakika 3 hadi 4 kila upande, na usiikandamize kwa mwiko. Ukitaka kujua imeiva, bonyeza katikati kwa kidole: ikirudi juu imeiva, ikitoa majimaji irudishe na upunguze moto.

Zikitoka usizirundike kwenye sahani, mvuke utazilainisha tena. Mimi natandaza kwenye ungo safi.

*Bibi, hosteli hatuna friji, maziwa ya maji yanachacha. Nitumie ya unga au tui la nazi?*
Mwanafunzi, Dodoma

Lolote kati ya hayo linafaa, mjukuu wangu. Maziwa ya unga, vijiko vikubwa 4 kwa kikombe cha maji ya vuguvugu, uyaache yapoe kabisa, maana yakiwa ya moto yataanza kupika mayai ndani ya bakuli. Tui liwe la kwanza, zito, na moto uwe mdogo zaidi. Nyie wa Dodoma mna bahati ya hewa kavu: slesi zikilala wazi chini ya kitambaa, asubuhi zimekakamaa zenyewe. Funika vizuri tu, sisimizi nao wanajua kusoma.

*Wanafunzi wangu wanabishana. Ni kweli Wafaransa ndio walioanza?*
Mwalimu, Bukoba

Hapana, mwalimu. Katika Apicius, mkusanyo wa mapishi ya Kirumi, kuna mkate mweupe uliotolewa ganda, ukamegwa vipande vikubwa, ukalowekwa kwenye maziwa, ukakaangwa kwa mafuta na kumwagiwa asali. Wafaransa wana wao wanaouita pain perdu, na Wahispania wana torrijas, wanazozila sana Kwaresima na Wiki Takatifu. Wahispania ndio wa kuigwa ukiwa na mkate mnene na mgumu kweli: wanauloweka kwenye maziwa kwanza, kisha wanauchovya kwenye yai lililopigwa, wanakaanga kwa mafuta ya zeituni, halafu sukari na mdalasini juu. Yai linakaa nje kama koti, ndani ni maziwa matupu. Jaribuni darasani kama mna jiko.

*Huku kwetu ile sharubati ya mti wa mepo (maple) ya Kanada ni ghali kupindukia. Nimwagie nini badala yake?*
Msomaji, Mombasa

Ina sababu ya kuwa ghali: lita moja inahitaji kama lita 40 za utomvu wa mti, uchemshwe hadi ubaki huo. Lakini wewe uko Mombasa, mpenzi wangu, mji wa kaimati, unaniuliza mimi habari za shira? Sukari kikombe kimoja, maji nusu kikombe, iliki tatu zilizopasuliwa. Chemsha dakika 5 hadi ianze kunata kidogo, tia matone ya ndimu isigande, epua. Iwe nyepesi kuliko ya kaimati, kwa sababu hii ni ya kumwagia na itazidi kuwa nzito ikipoa. Asali ya nyuki nayo ni nzuri, na embe bivu lililokatwakatwa linashinda vyote msimu wake.

*Mkate ukiwa na kidoa kimoja tu cha ukungu, nikikikwangua si naweza kuutumia? Utakaangwa hata hivyo.*
Msomaji, Tanga

Hapana. Mkate una matundu, na nyuzi za ukungu zinapita ndani usikoziona. Sumu ambazo baadhi ya ukungu hutoa haziondoki kwa kukaanga. Tupa pakiti nzima, na usimpe kuku.