Je, ni israfu nikinunua kwa pesa yangu ya halali?

Swali: Assalaam alaykum, sheikh wangu. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mombasa, na mume wangu yuko kazini Doha. Napika mahamri na kuuza, kwa hivyo pesa ninayotumia ni yangu. Usiku watoto wakishalala nashika simu, na nikiona dera au buibui jipya naagiza. Kabati limejaa, na mengine hata karatasi ya bei sijaitoa. Mzigo ukifika nafurahi mpaka niufungue, kisha kifua kinanibana na usingizi sipati. Nadaiwa kwenye chama, na mwezi ujao kuna arusi ya wifi yangu yenye sare tatu. Darsani tumeambiwa kwamba katika halali hakuna israfu, na kwamba habari za taka na mazingira ni mambo ya wazungu. Je, nina dhambi? Na nguo hizi nizifanye nini?

Jibu: Waalaykum salaam warahmatullah, binti yangu. Swali lako limenikaa siku kadhaa, kwa sababu maneno uliyoyasikia darsani nimeyasikia mimi pia, tena kwa watu ninaowaheshimu, na naona yanawafungulia waumini mlango ambao Mwenyezi Mungu ameufunga.

Wenye kusema hivyo wanaitegemea kauli ya Mujahid, mwanafunzi wa Ibn Abbas, kwamba mtu akitoa mali yake yote katika haki hawi mbadhirifu, na akitoa kibaba kimoja pasipo haki huwa mbadhirifu. Kauli hiyo ni nzuri, ila Mujahid alikuwa akieleza neno tabdhiri, yaani kutumia mali pasipo haki, katika Suratul Israa, pale wabadhirifu walipoitwa ndugu wa mashetani. Israfu, yaani kuvuka mpaka, ni jambo jingine. Katika Suratul Aaraf tumeambiwa tuchukue mapambo yetu kwenye kila mahali pa ibada, tule na tunywe, wala tusifanye israfu. Hebu tuwaulize: chakula na vazi vilivyotajwa hapo ni vya halali au vya haramu? Kama israfu haipatikani ila katika haramu, basi maana ya aya itakuwa tule haramu kwa kiasi, na hakuna mwenye akili atakayeikubali tafsiri hiyo. Haramu hata tonge moja yake imekatazwa, haihitaji kuwekewa mpaka. Mpaka huwekewa kilichoruhusiwa. Na mfano wake umo katika Suratul An'am, ambapo israfu imekatazwa katika matunda ya shamba la mtu mwenyewe, siku ya kuyavuna.

Hoja ya "pesa ni yangu" nayo haisimami. Katika hadithi ya Mughira iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) ametaja kupoteza mali miongoni mwa mambo ambayo Mwenyezi Mungu anayachukia kwetu, na mali inayopotezwa aghalabu ni ya mpotezaji mwenyewe.

Sasa usinielewe kwamba nakukataza kupendeza. Aya inayofuata ile ya Suratul Aaraf inauliza ni nani aliyeharimisha pambo la Mwenyezi Mungu, na sahaba aliyependa nguo nzuri na viatu vizuri aliambiwa kwamba Mwenyezi Mungu ni Mzuri na anapenda uzuri. Sheria haikuhesabu madera. Lakini nguo iliyonunuliwa kwa deni, ikakaa kabatini na karatasi yake ya bei, na aliyeinunua hakumbuki aliinunulia nini, hiyo imevuka mpaka. Kwa hivyo jibu la swali lako la kwanza ni ndiyo, katika hayo kuna israfu, nayo hutubiwa kama makosa mengine, na mlango wake uko wazi.

Ama huko kuyaita mazingira mambo ya wazungu, kunaniudhi zaidi, kwa sababu anayesema hivyo huwa ametawadha asubuhi ile ile. Anas amesimulia kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa kibaba cha maji na akioga kwa pishi moja, yaani vibaba vinne, mpaka vibaba vitano. Aliwaonya watu wasijisaidie njiani wala kwenye kivuli wanachopumzikia wenzao, na kuondoa kinachoudhi njiani akakuhesabu katika matawi ya imani. Wazungu gani waliomfundisha? Waliokuwa Mombasa wakati jaa la Kibarani likiteremsha taka zake kwenye maji ya Makupa hawakuhitaji mhadhara wa mtu kutoka nje ili waelewe aya ya Suratul Rum, kwamba ufisadi umedhihiri bara na baharini kwa yaliyochumwa na mikono ya watu.

Mwaka jana nilialikwa kwenye walima, nikabaki nyuma kumsubiri mtu. Nikaona vijana wa jikoni wakikung'uta masinia: biriani ambayo haikuguswa ila kwa kuchokolewa nyama, ikitiwa kwenye mifuko mikubwa ya taka. Asubuhi nilipopita tena, kunguru walikuwa wameipasua mifuko na wali umetapakaa hadi barabarani. Sisi ndio tuliofundishwa kwamba tonge likianguka tuliokote, tulipanguse na tulile, tusimwachie shetani. Shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake makuu yako hapa hapa Kenya, Gigiri, limekadiria kwamba mwaka 2022 chakula kilichotupwa duniani kilifika tani bilioni 1.05, na kiasi cha asilimia 60 kilitoka majumbani. Chakula hicho kikifukiwa jaani pasipo hewa hutoa gesi ya methani, inayozidisha joto la dunia.

Na nguo ni vivyo hivyo. Bibi zetu walivaa kanga ya pamba mpaka ikachakaa, ikawa mbeleko, ikawa nepi, ikamalizia maisha yake jikoni ikiepulia sufuria, na ardhi ikaipokea ikaoza. Madera mengi ya siku hizi ni ya poliesta, inayotokana na mafuta ya petroli, na haiozi kama pamba. Sisi tunaopokea mitumba ya dunia nzima pale sokoni Kongowea tunajua nguo isiyotakiwa huishia wapi.

Nimerefusha, na nadhani kinachokuuma zaidi ni kile kifua. Binti yangu, usikubali mtu akwambie kwamba ni upungufu wa imani au jini. Katika dua aliyoikithirisha Mtume (s.a.w.), aliomba kinga dhidi ya wasiwasi na huzuni, na ndani ya dua hiyo hiyo akaomba kinga dhidi ya uzito wa deni. Wewe unavyo vyote viwili, na mume yuko mbali, na nyumba ikinyamaza usiku kinachokusemesha ni simu. Naona hununui dera. Unanunua kule kungojea kitu kije. Ndiyo maana furaha inakatika mzigo ukishafunguliwa.

Basi simu ilale chumba kingine baada ya Isha, na saa ile uliyokuwa ukiagiza nguo mpigie mumeo. Mwambie habari ya deni wewe mwenyewe, kabla hajaisikia kwa mtu wa chama. Usingizi usiporudi baada ya wiki chache, nenda hospitali ukaonane na daktari au mshauri nasaha. Kutafuta tiba tumeamrishwa.

Nguo usizitupe wala usizichome kwa hasira ya toba, maana huko ni kupoteza mali mara ya pili. Zenye karatasi ya bei ziuze, ulipe chama, kwa kuwa deni la watu linatangulia sadaka ya hiari. Zilizobaki toa zile ambazo ungekubali kupewa wewe, na zilizochanika zigeuze matambara ya jikoni kama alivyofanya bibi yako.

Na wifi yako mwambie wiki hii, kabla kitambaa cha sare hakijakatwa, kwamba utavaa moja tu, ya usiku wa kupamba, na siku nyingine utavaa ulichonacho. Huenda akanuna. Mwahidi mahamri ya wageni wake asubuhi ya arusi, uyapike wewe mwenyewe, na usimtoze.

Wallahu aalam.