Barua kwa mwanangu: kabla hujakata kitambaa cha manesi

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka Tanga. Huku hatujambo, ila baba yako goti linamsumbua. Ujumbe wako nimeupata. Unasema hospitali binafsi ya hapo Dodoma imekupa tenda ya kushona sare za wauguzi. Mwenye hospitali anataka magauni meupe na kofia kama zamani, manesi wenyewe wamekunong'oneza kwamba wanataka skrabu, zile blauzi na suruali pana za hospitalini, na wewe fundi umebaki katikati na mkasi mkononi. Ukaniuliza: Mama, ule mtindo wenu manesi wa zamani ulitoka wapi, na ile kofia ilikuwa na kazi gani hasa?

Nianze na kofia, maana ndiyo inayowagombanisha. Kazi haikuwa nayo. Haikuzuia nywele kudondoka, haikumkinga mgonjwa wala nesi. Ilikuwa masalio ya shela la watawa. Ulaya, kwa karne nyingi, waliowaosha na kuwalisha wagonjwa maskini walikuwa masista wa kanisa. Ufaransa kuna shirika lililoanzishwa mwaka 1633 na Vincent de Paul na Louise de Marillac, ambalo masista wake walikuja kujulikana kwa kofia nyeupe yenye mabawa mapana yaliyokazwa kwa wanga. Mabawa yale waliyavaa mpaka 1964! Hebu fikiria kupita nayo kati ya vitanda viwili vya wodi zetu.

Uuguzi ulipoanza kuwa kazi ya mshahara, nje ya kanisa, mavazi yalibaki na sura ya utawa, na sababu yake haikuwa usafi. Ilikuwa heshima. Uingereza ya wakati ule mwanamke aliyelipwa kuuguza hospitalini alidhaniwa mlevi au malaya. Basi Florence Nightingale, muuguzi wa Kiingereza, alipopeleka wanawake 38 kwenye hospitali ya jeshi ya Scutari, ng'ambo ya Istanbul, mwaka 1854 wakati wa Vita ya Krimea, wale wasiokuwa watawa walipewa gauni zito la kijivu, koti la sufu, kofia nyeupe, na skafu iliyotariziwa jina la hospitali kwa uzi mwekundu. Mji ulijaa askari. Inasimuliwa kwamba mmoja alimsumbua nesi barabarani, mwenzake akamkanya: mwache, huyo ni wa Bi Nightingale. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya skafu.

Hapa sikiliza kama fundi. Sare zile zilishonwa haraka haraka bila kumpima mtu, na zilipofika zikawapwaya wengine na kuwabana wengine. Nightingale mwenyewe aliandika kwenye barua, Novemba 1854, kuhusu nesi mmoja aliyemjia na malalamiko: yote mengine angeyavumilia, lakini kofia zina nyuso zake, na angejua atavalishwa ile asingefunga safari. Vita inaendelea, majeruhi wanashushwa melini, na mtu analalamikia kofia. Mimi simcheki. Nguo ya kazi unakaa nayo mwilini kutwa nzima, ikikukera unakereka nayo mpaka kwa mgonjwa.

(Mary Seacole, yule Mjamaika aliyekataliwa London akajilipia nauli mwenyewe kwenda vitani huko huko, hakuvaa sare ya mtu. Alipenda rangi za kuwaka na utepe kofiani, na askari walimpenda vilevile.)

Marekani walilijua la urembo mapema. Katika hospitali ya Bellevue, New York, wanafunzi wa uuguzi waliikataa sare kwa sababu waliiona ni nguo ya watumishi wa ndani. Mwaka 1876 mmoja wao, Euphemia Van Rensselaer, binti wa ukoo wa kitajiri, akashonewa gauni lake la mistari ya bluu na nyeupe, aproni, kola na kofia, akaingia nalo kazini limemkaa vizuri. Wenzake wakafuata. Kwa hiyo ukimaliza sampuli, mvalishe yule anayependeza kuliko wote, usimpe matroni.

Sasa huo weupe. Mwanzoni gauni lilikuwa la kijivu, bluu au mistari, na cheupe kilikuwa aproni tu. Hesabu yake ilikuwa nzuri: gauni la sufu au pamba nzito si rahisi kufua kila siku, lakini aproni, kola na ncha za mikono zilizofungwa kwa vifungo unazivua, unazifua, unavaa nyingine. Halafu sayansi ikaingia. Daktari wa upasuaji Joseph Lister alichapisha kazi yake juu ya kuua vijidudu kwenye vidonda mwaka 1867, na kadiri madaktari walivyokubali kwamba uchafu usioonekana unaua, ndivyo nyeupe ilivyopanda cheo. Nyeupe haifichi tone. Unaichemsha, unaitia dawa ya kung'arisha, haichujuki kwa kuwa haina cha kuchujuka. Vita ya kwanza ya dunia ikapandisha pindo, maana huwezi kukimbia na machela gauni likifagia sakafu.

Mtindo huo ulitufikia Afrika Mashariki kupitia hospitali za misheni na za wakoloni, ukiwa umekamilika, pamoja na wanga wake na pasi yake. Sisi tuliupokea tukaupenda, sikudanganyi. Siku ya kuvishwa kofia, tukishika mishumaa, bibi yako alilia. Lakini hukuwahi kuona nyuma ya pazia. Kofia ilikuja ikiwa kitambaa bapa. Unapika uji mwepesi wa unga wa muhogo, unauchuja, unadondosha nili kidogo isiwe ya njano, unachovya kofia, kisha unaibandika ikiwa mbichi kwenye kioo cha dirisha na kuipangusa kwa kiganja isibaki na kiputo cha hewa. Ikikauka inabanduka ngumu kama karatasi, ndipo unaikunja na kuibana kwa pini. Kazi yote hiyo, na kwa kuwa ilikuwa taabu kuitengeneza, hakuna aliyeifua kila siku. Ndiyo kusema kitu cheupe kuliko vyote kwenye wodi ndicho kilichofuliwa kwa nadra kuliko vyote. Juu ya hapo, ilinasa kwenye vyandarua na mipira ya dripu ukiinama.

Nchi nyingi za Magharibi ziliiacha kidogo kidogo kuanzia miaka ya 1970. Uuguzi ulikuwa unapata wanaume, nao hakuna aliyewahi kuwavalisha kofia na wagonjwa wao walipona vilevile.

Skrabu nazo zilitoka chumba cha upasuaji. Daktari akikodolea damu nyekundu muda mrefu kisha akainua macho kwenye shuka nyeupe chini ya taa kali, anaona mawaa ya kijani yanaelea. Mwaka 1914 daktari Harry Sherman wa San Francisco akaanza kutumia kijani badala ya nyeupe, macho yakapumzika. Zamani hiyo ilikuwa nguo ya ndani ya chumba kile tu. Imetoka mlangoni ikasambaa wodi zote kwa sababu ni rahisi kushona, rahisi kufua, na mwanamke anaweza kupanda kitandani kumkandamiza mgonjwa kifua bila kuwaza gauni.

Ubaya wake nimeuona mwenyewe. Mwaka jana nilimpeleka baba yako kliniki, nikamsimulia kijana mmoja mwenye skrabu za bluu habari zote za goti, tangu lilipoanza mpaka usiku ule. Akanisikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha akasema: samahani mama, mimi ni wa kupeleka sampuli maabara. Daktari bluu, nesi bluu, msafishaji bluu. Skafu ya Scutari ilikuwa mbaya kwa sura, lakini uliyekutana naye ulimjua.

Basi mwambie mwenye hospitali hivi: blauzi na suruali, si gauni. Rangi moja kwa wauguzi peke yao, na nyingine kwa wengine wote, asiibane bajeti hapo. Neno MUUGUZI lidariziwe kifuani kwa herufi kubwa za kusomeka na mzee asiye na miwani. Akitaka weupe wake, mpe ukingo mweupe kwenye kola, atatulia. Mikono iishie juu ya kiwiko. Uingereza tangu 2007 walielekeza mikono iwe wazi kuanzia kiwiko kwenda chini, bila saa wala bangili, ili mtu anawe hadi kwenye kifundo cha mkono. Ndiyo maana saa zetu zilining'inia kifuani, kwa hiyo shona kitanzi kidogo cha kuitundika. Wanaovaa hijabu washonee za kitambaa hicho hicho, fupi, za kuchomeka ndani ya blauzi, na ziwe nyingi za kubadilisha kila zamu.

Kitambaa chukua tetroni yenye pamba nyingi. Polista tupu kwa joto la Dodoma utawaua. Mfuko wa kifuani ugawe kwa mshono, upande wa kalamu uwe mwembamba, la sivyo kalamu inaangukia usoni mwa mgonjwa ukimwinamia. Mifuko ya chini iwe miwili, yenye kina, na kona zake zipigwe mshono mara mbili: mkasi, plasta, simu, vyote vinakaa humo. Kiunoni weka kamba pamoja na lastiki. Lastiki peke yake inalegea baada ya kufuliwa kwa maji moto, na hakuna nesi mwenye mkono wa kushikilia suruali.

Na upime kila mtu. Usikubali kuletewa orodha ya "ndogo, kati, kubwa". Chukua malipo ya awali kabla hujanunua kitambaa, maana hospitali zinajua kuchelewesha fedha. Kofia, kama bado anazing'ang'ania, mshonee moja ya kuweka kwenye fremu pale mapokezi, umtoze bei ya kutosha.

Baba yako anakusalimu, anauliza kama ile cherehani ya pili umeshaitengeneza.

Mama yako