Mvua zimekata: maswali yenu kuhusu mawe ya kubandika ukutani

Mvua zikishakata Kigoma, kuanzia Gungu hadi Ujiji watu hunyanyua macho na kutazama kuta za nje za nyumba zao. Safari hii wengi mmeuliza habari za mawe ya urembo. Nimechagua maswali machache, na yaliyofanana nimeyaunganisha.

Shikamoo fundi. Mafunzo ya Wamarekani mtandaoni yanasema kazi hii ifanyike majira ya kuchipua, Machi hadi Mei. Huku kwetu Machi ni mvua tupu. Tufuate nini? (Kijana, Katubuka)

Marahaba. Kalenda yao iache, chukua sababu yao. Kwao adui ni baridi. Chini ya nyuzi joto 5 hivi saruji hushika kwa kusuasua, na maji yaliyomo kwenye mchanganyiko yakiganda hutanuka na kuupasua kabla haujakomaa. Ndiyo maana wanangoja baridi kali iishe.

Sisi adui zetu ni wawili: mvua inayoosha mchanganyiko ukiwa mbichi, na jua linaloufyonza maji kabla haujashika. Mvua zetu huanza Oktoba au Novemba na kukata Aprili, mara nyingine Mei. Basi uache ukuta ukauke wiki mbili tatu, uanze kazi mwisho wa Mei au Juni. Agosti na Septemba pia inawezekana, ila fuata kivuli: upande wa magharibi ufanye asubuhi, wa mashariki mchana jua likishauacha. Nyumba inayotazama ziwa hupigwa na jua la jioni kweli kweli, usimruhusu fundi abandike upande huo saa kumi eti amalizie.

Mwanangu, nyumba yangu ni ya tofali za kuchoma, imejengwa kwa udongo, nje ina plasta. Wanangu wanataka niivishe mawe mpaka juu kwenye linta. Itabeba? (Mama mstaafu, Kasulu)

Shikamoo mama. Swali lako ndilo nililotamani kila mtu aulize kabla ya kununua jiwe hata moja, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Jiwe la asili lenye unene wa sentimita 2.5 lina uzito wa kilo 60 na ushee kwa mita moja ya mraba. Ongeza mchanganyiko wa kulishikia, unakaribia kilo 100. Yaani kila mita ya mraba ya ukuta wako unaitundika mifuko miwili ya saruji. Kanuni za ujenzi za Marekani zimeweka ukomo wa karibu kilo 73 kwa mita ya mraba kwa mawe yanayoshikwa kwa kubandikwa tu, na hizo ni kuta ambazo hazikuunganishwa kwa udongo.

Kwako jiwe litashika plasta, plasta itashika tofali, lakini tofali na tofali vinashikwa na udongo. Gonga plasta kwa mpini wa nyundo. Ikilia kama debe tupu, imeachia, ibanduliwe. Kisha chokonoa kiungo kimoja kwa msumari. Udongo ukimwagika kama unga, usibandike kabisa mawe mazito sehemu ya juu.

Ushauri wangu ni huu: mawe yaishie chini ya madirisha. Bandua plasta ya sehemu hiyo, kwangua udongo kwenye viungo kama sentimita 2 kwenda ndani, jaza saruji, kisha tandaza wavu wa chuma na uupigilie kwenye tofali zenyewe, siyo kwenye viungo. Juu yake piga plasta mpya, ndoo moja ya saruji kwa nne za mchanga, na kabla haijakauka ichanwe mistari ya kulala ili jiwe lipate pa kung'ata. Safu ya kwanza iegemee kwenye msingi, isining'inie. Juu ya madirisha rangi inatosha. Kwa macho yangu nyumba ya namna hiyo hupendeza kuliko iliyovishwa mawe mwili mzima, ingawa najua vijana watabisha.

Ukuta wangu unavuta maji kutoka chini, rangi inabanduka kila mwaka. Fundi ameniambia mawe yatamaliza tatizo. (Ujiji)

Yatalificha. Maji yanayopanda kutoka kwenye msingi hayajali umebandika nini mbele. Yatapita nyuma ya jiwe, yatatoa chumvi nyeupe kwenye viungo, na mwisho jiwe litaachia. Tibu kwanza: gata kwenye paa, mtaro wa kupeleka maji mbali na ukuta, na udongo uliorundikana hadi juu ya msingi uondolewe. Ukija kubandika, mawe yaanzie sentimita 10 juu ya udongo, au 5 kama chini ni sakafu ya zege. Watu hupenda kuyashusha hadi ardhini kwa sababu ya uzuri. Hapo ndipo maji hupandia.

Na mawe yakiishia katikati ya ukuta, juu yake iwekwe kofia yenye mteremko wa kwenda nje, la sivyo mvua ya Novemba itaingia nyuma yake.

Naweza kuokota mawe laini ya ufukweni kule Bangwe nikabandika? Ni mazuri na ni bure. (Mwanga)

Hapana. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na uchimbaji wa mawe ya ujenzi una vibali vyake. Halafu, jiwe la mviringo lililosuguliwa na mawimbi halina mgongo wa kushika. Tafuta jiwe la kupasua, lenye mgongo bapa na mkwaruzo.

Mawe ya kutengenezwa kwa saruji je? Ni mepesi, ila nasikia yanapauka. (Kibondo)

Mengine hupauka, mengine hapana. Mazuri hutiwa rangi ya oksidi ya chuma. Duni hupakwa juu juu tu. Kabla ya kulipa, omba lililovunjika utazame ndani: ukikuta kijivu kitupu chini ya ngozi nyembamba ya rangi, rudisha hela mfukoni. Kuhusu idadi, pima upana mara urefu, toa milango na madirisha, ongeza asilimia 10 ya kuvunjika. Chukua yote kwa mara moja, maana mzigo wa pili haufanani rangi na wa kwanza, na wakati wa kubandika uchanganye kutoka maboksi tofauti.

Ukuta una rangi ya mafuta. Nibandike juu yake kwa gundi ya tailizi? (Mwandiga)

Hapana. Gundi itashika rangi, na rangi ndiyo itakayoanguka. Ikwanguliwe yote kwa patasi au grinda hadi plasta ionekane.

Fundi wangu anapaka donge moja katikati ya jiwe na kulibandika. Ni sawa? (Buhigwe)

Msimamishe leo. Mgongo wote upakwe, jiwe likandamizwe na kuchezeshwa kidogo hadi mchanganyiko utokeze pembeni. Donge moja huacha uwazi, uwazi hukaribisha maji na mchwa. Ukuta na jiwe vinyunyiziwe kwanza, viwe na unyevu bila kuchuruzika. Kazi ikiisha, nyunyizia maji asubuhi na jioni kwa siku tano hivi, na kwenye jua kali tundika magunia.

Saruji imechafua mawe. Naambiwa asidi ya betri inasafisha. Na vanishi ya kung'arisha nipake lini? (Mwanga)

Asidi itakula na viungo, na macho yako pia. Tone bichi usilifute kwa kitambaa cha maji, litasambaa. Liache likauke kidogo hadi liwe la kumeng'enyeka, ulikwangue kwa kijiti, kisha brashi ngumu kavu. Lililokwisha kauka lisugue kwa brashi na maji, kwa subira. Vanishi mimi siipendi: hufungia unyevu ndani, hugeuka njano na kubanduka maganda. Ukitaka kinga, tafuta dawa ya kuzuia maji inayouacha ukuta upumue, na usiipake kabla ya siku 28.