Mageti yamefungwa, mtaro umeziba

SWALI: Shikamoo Mama. Naishi Tabata. Majirani wamejenga vizuri, kuta ndefu, magari mawili mawili, ila mkutano wa mtaa hawafiki. Mtaro umeziba, masika maji yanaingia kwa wapangaji wa bondeni. Je, ni raha zinazotuharibu?

JIBU: Marahaba mwanangu. Nyumba nzuri si dhambi. Kinachoniuma ni mtu kuwa na kisima chake, jenereta lake na mlinzi wake, kisha shida ya mtaa akaiona haimhusu. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na hisa kwenye kampuni, mishahara miwili au nyumba za kupangisha. Mwaka 1991, kule Zanzibar, masharti hayo yakalegezwa. Siku hizi (nasema kwa uchungu) vijana humsifu mwenye gari bila kuuliza kalipata wapi.

Wewe anza na huo mtaro. Mwone mwenyekiti wa mtaa aitishe mkutano Jumapili jioni. Kisha gonga geti moja moja, na usikubali dada wa kazi akuambie bosi kalala. Mweleze bosi huyo kuhusu watoto wanaolala juu ya meza maji yakijaa. Akitoa pesa, pokea, lakini mwombe aje na koleo pia.